Mahari ya Umeme

Théophile alipokuja kumposa Danielle, mwaka 1990, hakuleta mbuzi. Alileta karatasi nene ya kijani yenye mhuri, akaiweka mezani kwa mikono miwili mbele ya Kalombo, baba wa binti. Ilikuwa hati ya mkopo wa umeme: serikali inakopa kwa wananchi ili itengeneze mitambo, mwenye hati analipwa faida kila mwaka, na baada ya miaka mitano anarudishiwa mtaji wake wote. Théophile, fundi wa mashine katika kituo cha umeme cha Koni, alikuwa ameinunua kwa akiba yake yote.

Albert, mdogo wake Kalombo, aliinyanyua karatasi akaigeuza juu chini.

"Iyi inazala? Mbuzi inazala."

"Na iyi inazala," Kalombo akajibu. "Kila mwaka."

Kalombo alikuwa mpasua mawe wa Kakontwe, pale Likasi, mtu wa vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, na maishani mwake hakuna aliyewahi kuja kukopa kwake. Leo serikali nzima ina deni lake! Jumapili ile alikwenda misani kifua mbele. Mwaka wa kwanza alikata pembeni mwa hati kuponi ya faida kwa mkasi wa kushonea wa mkewe Émilienne, akaipeleka benki, akarudi na gunia la unga na kitenge. Mwaka wa pili akarudi na kapu la samaki wakavu. Kisha bei zikaanza kubadilika asubuhi na jioni, noti za zamani zikafutwa zikaja mpya, na kuponi ya mwaka wa nne haikutosha hata kununua mkate.

"Papa, ubakie nayo tu," karani alimwambia kwa huruma.

Ukoo ukakutana. Albert alisema ndoa ile haina mahari. "Tumurudishe mutoto ku nyumba mpaka bataleta mbuzi." Wakakubaliana Kalombo mwenyewe ndiye aende Koni kumchukua Danielle. Émilienne alimfungia viazi vitamu. Alimpenda sana yule mkwe.

Kalombo alifika Koni juu ya lori la makaa. Danielle alitoka shambani mbio, tumbo limeshakuwa kubwa, mikono imejaa udongo. "Papa!" Kisha akaliona shati la sikukuu alilovaa baba yake, na furaha ikamtoka usoni.

"Ulikuya kunichukua?"

Kalombo akauliza mumewe yuko wapi.

Théophile alikuwa ndani ya kituo, amekonda, anakata mpira wa gurudumu kuukuu ili azibe mahali mafuta yanapovuja. Mshahara haukuwa umefika tangu mwaka uliopita, na wenzake wengi walishakwenda Kamatanda kuchimba madini. Alipomwona baba mkwe akapiga goti palepale kwenye mafuta.

"Baba, miye siko na mbuzi."

"Simama. Unionyeshe ile mashine."

Mashine ilikuwa ikizunguka kwa nguvu ya maji ya mto; Kalombo akaweka kiganja juu ya chuma chake. Kilikuwa na joto, na mtetemo wake ukampanda hadi kiwikoni.

"Franga yangu ilinunua nini humu?"

Théophile alifikiri. "Sijue, baba. Pengine hata vis moja ya kukazia chuma haikununua."

Kalombo akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya benki. Kijana angeweza kumwonyesha mtambo wowote akamdanganya.

"Na weye, juu ya nini haukuenda Kamatanda na benzako?"

"Nikienda, nani atabakia na iyi? Umeme yetu inaenda ku Likasi. Kuko hôpital. Kuko mama anashona."

Jioni walikula ugali wa bukari na samaki wa mto Lufira. Kulipokucha Kalombo alipanda lori peke yake.

Nyumbani ukoo mzima ulikuwa ukimngoja. "Mutoto iko wapi?" Albert aliuliza.

"Ku bwana yake. Mahari niliiona. Inazunguka."

"Bantu banakulaka kuzunguka?"

Kalombo aliitazama balbu iliyokuwa ikiwaka juu ya kichwa cha mdogo wake. "Basi zima iyo taa, tukule mbuzi yako mu giza."

Mke wa Albert ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Albert alijikaza, akakunja uso, akashindwa.

Mtaji haukurudi kamwe, na Albert aliendelea kudai wale mbuzi kila sikukuu, kwa mazoea tu. Danielle alipojifungua mtoto wa kike, Kalombo alikwenda kumwona akakaa masika yote. Mvua ilikuwa ikisukuma majani mengi mpaka yanaziba mlango wa kuingizia maji kituoni, na watu wa kuyatoa walikuwa wachache. Mzee akavua shati, akashika reki, akayavuta majani kutwa nzima huku akiwagombeza vijana kwamba wanashika vibaya. Mwishowe Émilienne alipanda lori kwenda kumrudisha. Naye akakaa, mpaka mahindi ya Danielle yakaiva.