Bobini ya Tatu

Taa ya mezani kwangu inapounguza vumbi, harufu ile hunirudisha katika ukumbi wa kambi yetu ya wachimbaji, Kolwezi, Jumapili mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Sinema ilikuwa na bobini tatu, magurudumu matatu ya mkanda. Kambi jirani ilitangulia kuitazama, kisha mtu wa baiskeli akatuletea bobini moja baada ya nyingine.

Siku hiyo, mwishoni mwa bobini ya pili, mwanamume alishuka shimoni na udongo ukamporomokea. Ukuta ukabaki mweupe. Tuliingoja sana bobini ya tatu, baiskeli haikuja.

"Muende kwenu," alisema mwenye mashine ya sinema. "Imekwisha."

"Imekwisha namna gani, na ule bwana angali chini?" mama mmoja alimfokea.

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu saa ile baba alikuwa kazini, chini ya ardhi.

Nilikimbia nyumbani nikaketi mlangoni, nikiamini kwamba bila bobini ile hakuna atakayetoka shimoni, hata baba. Baba alipofika, suruali nyekundu kwa udongo, nilimng'ang'ania mguu.

"Tata, bwana wa sinema alitoka mu shimo?"

Baba hakuwa ameiona. Alinitazama kwanza.

"Alitoka. Alinawa mikono, alikula bukari na samaki, alilala."

"Ile mwisho ni ya bure!" kaka yangu alicheka nyuma yetu. "Hata bunduki moya hakuna!"

Sikumjali. Nilimwomba baba aanze tena, tangu pale bwana yule alipotoka shimoni.