Wimbo wa Dani

Juzi daktari alinionyesha picha ya ubongo wa mama yangu, akagusa doa upande wa kushoto.

"Maneno hutoka hapa. Nyimbo hutegemea sana upande ule mwingine. Ndiyo maana mama anaimba, lakini hawezi kuita jina lako."



Kwa mawazo nilikuwa nimerudi utotoni, Katito, jikoni kwa Dani, nyanya yangu. Kulikuwa na moshi na harufu ya samaki aina ya ngege wa kukaanga. Nilikuwa nimekula kichwa cha samaki, na kichwa siku zote kilikuwa cha Dani. Alipoingia nilimwomba msamaha. Alinitazama tu, mdomo umeenda upande, asiseme neno. Nikajua amenuna. Kisha akaketi chini, akaanza wimbo wa kanisani, maneno yote sawasawa.

Baba aliita kutoka shambani, nyuma ya nyumba. "Mbona Dani haitiki nikimwita?"

"Amenikasirikia, Baba! Si unamsikia akiimba?"

Baba akacheka, akaendelea kulima. Nilisikia jembe lake likigonga udongo mpaka jua likazama.

Baba alipoingia, Dani alikuwa ameacha kuimba, na kupumua pia.