Jinsi Nilivyopata Cheo cha Mwamuzi wa Jumuiya

Nyumbani Tanzania nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Kwa miaka sita nilisikiliza kesi za mipaka ya mashamba, talaka na kuku walioibwa, na kila asubuhi watu walisimama nilipoingia. Kisha mke wangu, ambaye ni muuguzi, akapata kazi Sydney, nami nikamfuata. Huku sheria niliyoisoma haikunifaa kitu. Nilipata kibarua kwenye karakana ya madirisha ya alumini pale Granville, na hakuna aliyesimama nilipoingia. Sisemi haya kujitetea. Nataka tu ieleweke nilikuwa na njaa ya namna gani siku waliponijia.

Jumuiya yetu ni ya wanaozungumza Kiswahili: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi wachache. Ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na pia mwamuzi, ambaye watu wakigombana, mume na mke au mpangaji na mwenye chumba, humpelekea shauri kabla halijafika kwa polisi na mawakili. Zamani alichaguliwa kwa kunyoosha mikono baada ya chakula, na hakuna aliyekosa usingizi. Lakini mwaka wa pili wa corona, tulipofungiwa majumbani na kila mtu akabaki na simu yake, jumuiya ikagawanyika. Kambi moja ikawa yetu Watanzania na Wakenya, nyingine ya Wakongo na Warundi. Kila kambi ikatoa orodha yake kuanzia mwenyekiti hadi mwamuzi.

Aliyegombea uenyekiti upande wetu alikuwa Mkenya mmoja mwenye biashara ya usafi wa ofisi. Alinipigia simu mchana, nikiwa nimekaa jikoni.

"Wewe si ndiye jaji wa ukweli?" akasema. "Hao wengine wanabahatisha tu."

Nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Niliyepambanishwa naye alikuwa mama mmoja wa Kikongo anayeishi Macquarie Fields, kitongoji cha mbali na kwetu. Alifika na wanawe kama mkimbizi, akapata kazi ya kutunza wazee, na tangu nilipomjua alikuwa akipatanisha watu sebuleni kwake bila cheo chochote. Hata mimi alinipatanisha. Mwaka wetu wa kwanza hapa, mke wangu alipofungasha nguo zake akitaka kuondoka, yule Mama ndiye aliyekuja. Alitusikiliza kuanzia alasiri hadi jioni, mmoja mmoja, kisha wote wawili. Aliniambia mambo mazito kuhusu kiburi changu, na sikuwahi kusikia neno lake hata moja likirudi kwangu kupitia mdomo wa mtu mwingine.

Wiki tatu kabla ya kura, akanipigia simu.

"Papa, niko na barua ya polisi," akasema, akiniita kama Wakongo wanavyomwita mwanamume kwa heshima. "Kizungu yake iko nguvu. Weye unajua mambo ya sheria, unisomee."

Akanitumia picha. Ilikuwa faini. Wakati ule tuliruhusiwa kwenda kilomita tano tu kutoka nyumbani, na yeye alikuwa amesimamishwa barabarani karibu na Granville, mbali kabisa na kwake. Nikamuuliza alifuata nini huku. Akanieleza. Mwanamke mmoja wa kwao alikuwa amefiwa na mumewe hospitalini kwa corona. Siku zake za kujitenga zilikuwa zimekwisha, lakini hakuna aliyethubutu kumkaribia, na mwenyewe hakutaka ijulikane ni ugonjwa gani, kwa kuogopa majirani na watu wa kazini kwake. Mama alipika, akaenda, akakaa naye chini mchana kutwa wakalia.

"Unaweza kuandika barua kuomba wakusamehe," nikamwambia. "Nitakuandikia."

"Hapana. Sheria nilivunja, nitalipa. Nilitaka tu kujua inasema nini. Na ile ya mjane, Papa, ibaki kwetu wawili."

Nikamwahidi.

Ya mjane niliificha kweli. Ya faini sikuificha. Siku mbili baadaye yule mgombea wetu wa uenyekiti alinipigia akilalamika kwamba Wakongo wote wangempigia Mama kura, na hata Watanzania wengine. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Basi ujue tu, na isifike mbali, huyo Mama amepigwa faini na polisi." Nilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilijua vizuri kabisa ingefika wapi.

Jioni ileile ujumbe wa sauti ukaanza kuzunguka kwenye grupu za simu. Mwanamume nisiyemtambua alikuwa akiuliza: je, mtu anayevunja sheria na kusambaza maradhi, tena anayefanya kazi na wazee, anaweza kuwa mwamuzi wetu? Mke wangu aliusikiliza akiwa amesimama kwenye sinki. Aliurudia mara mbili. Mimi nikawasha televisheni.

Kwenye mkutano wa wagombea, uliofanyika kwa video, msimamizi alimuuliza Mama kama maneno yale ni kweli.

"Ni kweli," akajibu.

"Ulikuwa umeenda wapi?"

Nilimwona kwenye kile kisanduku chake kidogo, kitambaa kichwani, nyuma yake kabati la vyombo. Angesema neno moja tu, matanga, nusu ya watu wangemwonea huruma. Lakini angesema hilo, wangeuliza matanga ya nani.

"Nilienda mahali nilipaswa kwenda," akasema. "Zaidi ya hapo sitasema."

Msimamizi akanigeukia mimi. Ningeweza kusema kwamba namfahamu huyu mama na kwamba hakwenda kwa starehe. Hayo yasingemfichua mjane hata kidogo. Nikakohoa, nikaweka sauti yangu ya mahakamani, ile ya zamani.

"Mwamuzi lazima awe mfano," nikasema. "Sheria haichagui mtu."

Watu wakaweka vidole gumba kwenye skrini. Nilishinda kwa kura nyingi kuliko tulivyotegemea. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipongeza, kwa ujumbe wa mstari mmoja: Mungu akupe hekima, Papa. Mke wangu alinipikia pilau, akaniwekea mezani, akaenda kula chumbani.

Miezi ikapita na sikuletewa shauri hata moja. Jiji likafunguliwa, watu wakaanza kutembeleana, nikasikia kwamba wanaenda kulekule Macquarie Fields kama zamani. Siku moja ya Jumamosi nikapanda treni, nikaenda na mimi.

Mama alinifungulia, akaniwekea chai. Nilianza kueleza, maneno yakanikwama, nikaanza upya. Aliniacha nihangaike mpaka nikafika mwisho.

"Nilijua siku ya kwanza," akasema. "Ile barua nilionyesha weye peke yako. Hata watoto wangu hawakuiona."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wangeuliza ni nini tuliongea, na habari ya mjane ingetoka." Akasukuma kikombe pembeni. "Siko na hasira tena. Ilikuwako, ikaisha. Lakini yule mjane analia mpaka leo. Anawaza ni yeye aliniharibia jina. Uende umuambie haikuwa yeye."

Nilitegemea anisamehe au anifukuze. Hakufanya lolote kati ya hayo, akaandika anwani kwenye kipande cha karatasi.

Nilienda Jumapili iliyofuata. Mjane alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, pengine miaka thelathini na kitu. Hakunikaribisha ndani. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni: kwamba nilimjua Mama, kwamba ni mimi niliyetoa habari ya faini, kwamba nilinyamaza nikijua. Alinisikiliza huku ameshika kitasa.

"Ni wewe uliyechaguliwa?" akauliza.

"Ndiyo, ni mimi."

"Asante kuniambia," akasema, kisha akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Wiki ile nilijiuzulu. Ningependa kuandika kwamba niliwaeleza wanachama sababu. Kwenye grupu niliandika kuwa kazi zimenizidi karakanani, na watu wakanitakia kila la heri, wengine wakanishukuru kwa utumishi wangu. Mke wangu aliusoma ujumbe ule kwenye simu yake, mbele yangu.

"Kazi zimekuzidi," akasema.

Kambi zile mbili baadaye zilimwomba Mama achukue nafasi iliyoachwa wazi, akakataa, wakaifuta kabisa kwenye katiba ya jumuiya. Mpaka leo wanachama wanaamini niliondoka kwa sababu ya madirisha.