Paka Wangu na Njuga ya Babu

Jamani, paka wangu leo amenitisha.

Nilimleta kwa ajili ya panya waliokuwa wanamaliza mahindi stoo. Panya wakaisha, akahamia kwa chiriku wa kwenye mpera. Jirani yangu hapa Kalangalala, Mama Kulwa, akanishauri nimfunge njuga shingoni ili ndege wamsikie. Nikachukua moja ya zile babu alizokuwa akivaa mguuni akienda kucheza ngoma. Ilisaidia kweli. Akisogea tu, chiriku wanaruka.

Sasa leo asubuhi nakunywa uji wangu mlangoni, chiriku anaimba. Wimbo ukakatika katikati.

Njuga sikuisikia. Hata kidogo.

Paka akashuka mtini polepole, shingo kaikaza kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Ndege mdomoni. Akamlaza miguuni pangu, akanitazama.

Ndipo akajikuna shingo. Njuga ikalia vizuri tu!

Nikamwita Mama Kulwa. Alicheka kidogo, halafu akageuka kurudi kwake.

"Mama Neema, huyo kajifunza. Mimi naenda kufungia vifaranga wangu."

Wenye paka, wenu wakoje?

Maana wangu sijui yuko wapi saa hizi. Njuga siisikii.

Na ndege siwasikii.