Kishimo na Misumari Miwili

Nilihamishiwa Shinyanga kutoka Ushirombo mwaka ambao binti yetu wa mwisho alianza chekechea. Nafundisha darasa la tatu, na mume wangu ni fundi wa pampu za maji, kwa hiyo yeye kuhama hakukumsumbua sana. Visima viko kila mahali, na kila baada ya wiki mbili ilikuwa lazima aende Geita kwa kazi. Tulipata nyumba Kambarage, vyumba vitatu, mpera mmoja uani, na kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho tangu nizaliwe: jiko la ndani lenye kaunta. Ushirombo nilikuwa napikia kibandani nimekaa kwenye kigoda, na moshi unanifuata popote ninapohamia.

Mwenye nyumba hatukumwona. Alikuwa mama mtu mzima aliyehamia Chato kwa mwanawe, tukazungumza naye kwa simu tu. Sauti yake ilikuwa ya uchangamfu. Alitukaribisha, akatuomba tuumwagilie mpera, basi.

Kaunta yenyewe ilikuwa ya terazo, nyeusi yenye punje nyeupe, imesuguliwa mpaka inateleza. Siku ya kwanza niliipapasa kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Ndipo mkono wangu ukatumbukia. Upande wa kulia wa sinki palikuwa na kishimo cha mviringo, upana wa beseni dogo, kina cha vidole vinne. Hakikuwa na tundu la kutolea maji. Upande mmoja ukingo wake ulikuwa umebonyea kwa ndani kidogo, na chini kabisa kulikuwa na utando mweusi uliogoma kutoka hata kwa sabuni na mchanga. Karibu na kishimo, misumari miwili mirefu ilikuwa imesimama ndani ya terazo, ncha zikitazama juu.

Nilimwita mume wangu. Akaitazama misumari, akakitazama kishimo, akasema, "Huyu fundi alilewa."

"Mlevi hawezi kutengeneza mviringo mzuri hivi," nikamjibu.

Nikavika misumari vizibo vya chupa ili isituchome, na kishimoni nikawa naweka vitunguu. Lakini swali halikuniacha. Nikiosha vyombo nakitazama. Nikisahihisha madaftari mezani, nainua macho nakitazama tena. Mama yangu alipokuja kutoka Kishapu kutusalimia, nilimpeleka jikoni hata kabla hajavua kilemba.

"Hapo ni pa kutwangia," alisema.

"Kutwangia kwenye terazo, mama?"

"Basi ni pa kuku kunywea maji."

"Kuku juu ya kaunta?"

"Umeuliza, nimekujibu," alisema, akaenda zake kupumzika.

Aliyeleta balaa ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mama mcheshi anayeuza vitenge. Aliingia kuazima mwiko, akakiona kishimo, akausahau mwiko. Akainama, akachungulia ule utando mweusi, akashusha sauti.

"Mwalimu, hapa walikuwa wanaoshea dhahabu. Huo weusi ni dawa. Shemeji yangu alikuwa machimboni, najua ninachosema."

"Na misumari?"

Akafikiri kidogo. "Ya kutundikia mizani."

Mizani haitundikwi kwenye msumari unaotazama juu, lakini alisema kwa uhakika mkubwa kiasi kwamba hata mimi nilitikisa kichwa kukubali. Kufikia Jumapili, watu niliokuwa nasalimiana nao tu njiani walianza kupita kuuliza hali ya watoto, na wote hali ya watoto waliiulizia jikoni.

Mume wangu alijifanya anacheka. Lakini asubuhi ya safari yake ya Geita nilimkuta ameinama juu ya kaunta na bisibisi, anakwangua ule utando na kuukusanya kwenye mfuko wa plastiki.

"Baba watoto, na wewe?"

"Ni kujiridhisha tu," alisema bila kuniangalia.

Kule Geita alikuwa na rafiki anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, mtu ambaye amekesha na michanga ya kila aina. Mume wangu alimkabidhi mfuko bila kueleza ulikotoka. Rafiki yake akausugua kati ya vidole, akaunusa, akatia kidogo majini, akatikisa. Mume wangu anasema alimtazama kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Mwishowe yule bwana akafuta mikono.

"Ndugu yangu, hii ni gundi ya kuzibia tyubu ya baiskeli. Na hivi vyeupe ni unga wa ngano. Umeutoa wapi?"

"Kwa jirani," alijibu mume wangu.

Alinisimulia hayo akiwa bado mlangoni na begi begani, nikacheka mpaka nikakaa chini. Gundi ya tyubu na unga wa ngano! Badala ya kupata jibu, tukawa na fumbo gumu kuliko la mwanzo.

Hatukupata muda wa kulifumbua. Wiki ileile binti yetu alipanda ndoo kufuata ndizi, kizibo kimoja kikachomoka, na msumari ukamchana mkono. Halikuwa jeraha la kushonwa, lakini alilia, na nikakata shauri. Nilimwita fundi wa mtaani kwetu, mzee mkimya anayefanya kila kitu kuanzia vigae mpaka vitanda, tukakubaliana aje Jumamosi kung'oa misumari na kuziba kishimo kwa saruji. Halafu nikampigia mwenye nyumba kuomba ruhusa, kwa kuwa nyumba ni yake.

"Shikamoo mama. Naomba ruhusa tukizibe kile kishimo cha jikoni na kung'oa misumari; imemchana mtoto."

Ule uchangamfu wa sauti yake ukaondoka.

"Marahaba mwanangu. Msiguse kitu. Nakuja mwenyewe Jumamosi." Akakata.

Kosa langu lilikuwa kumwambia jirani. Aliweka mkono mdomoni. "Anatoka Chato kwa ajili ya shimo? Mwalimu! Si nilikwambia?"

Jumamosi kabla ya saa sita jikoni kwangu palikuwa pamejaa. Jirani alikuwepo na dada yake. Fundi nilimwambia asije, lakini alikuja hata hivyo, na patasi mkononi, eti endapo itahitajika. Mume wangu, ambaye alijua vizuri hakuna dhahabu, alikuwa amevaa shati la kwenda kanisani.

Mgeni aliingia akiwa amebeba kapu kichwani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye tabasamu pana. Mume wangu alipompokea lile kapu ndipo sote tulipoona mkono wa kushoto wa gauni lake. Ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini juu kidogo ya kiwiko. Hapakuwa na kitu ndani yake.



"Mbona mmenyamaza, kuna msiba?" aliuliza, tukazinduka na kumwamkia wote kwa pamoja.

Hakutaka kukaa, wala hakutaka soda. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta, akatoa vitunguu vyangu kishimoni kimoja kimoja, akapapasa ukingo kwa kiganja. Kisha akatoa kwenye kapu beseni la bati kuukuu, lenye kibonyeo ubavuni. Akalizungusha mpaka kibonyeo kikaelekea mahali pake, akalishusha. Liliingia kama mguu kwenye kiatu chake. Akalisukuma kwa nguvu. Halikusogea hata kidogo.

"Mkono wangu ulichukuliwa na mkanda wa mashine ya kusaga," alisema, kama anayetaja mahali alipoacha mwavuli. "Niliporudi kutoka hospitali sikuweza hata kukanda unga. Nikisukuma, beseni linakimbia. Nililia kwa ajili ya chapati kuliko nilivyolilia mkono. Marehemu mume wangu alikuwa mwashi. Siku anamwaga hii kaunta alilichukua beseni langu, akalikandamiza kwenye zege bichi. Chini akabandika mpira wa tyubu ili lisiteleze."

Mume wangu alikohoa na kutazama dirishani.

"Na misumari?" aliuliza jirani, kwa sauti ndogo safari hii.

"Nipe kiazi."

Nikampa. Alikichomeka kwenye msumari mmoja, akachukua kisu, akakimenya kwa kukizungushia kisu kwa mkono wake mmoja, ganda likashuka kama utepe. Hakikuyumba. Jirani alipiga makofi. Fundi aliweka patasi yake sakafuni.

Mchana ule alitukandia unga. Mimi nilisukuma na kuchoma, kwa sababu aliniruhusu, nasi tukala chapati na mchuzi wa viazi, wengine wamesimama, wengine wamekaa kwenye ngazi ya uani. Katikati ya kula ndipo alipotuambia kilichomleta.

Chato alikuwa anatunzwa vizuri mno. Mkwe wake alimpenda mpaka anamkera: hakumwacha ashike hata kijiko. Naye hakuweza kubisha, maana jiko la kule lilikuwa la vigae vitupu, beseni linatembea kama lina miguu. "Huu ni mwaka wa pili nakaa kama mgeni," alisema. "Uliponiambia kuziba, nikasema hapana, acha kwanza nikande humu mara moja ya mwisho. Sasa nimekanda. Zibeni, mwanangu. Mkono wa mtoto ndio wa kwanza."

Alisema hivyo kwa furaha kabisa, ila mimi niliirudisha chapati sahanini.

Aliyepata la kufanya ni fundi. Tangu mgeni aingie hakuwa ametamka zaidi ya salamu. Aliinuka, akanawa, akatoa futi yake mfukoni, akaanza kupima kishimo: upana, kina, umbali mpaka kwenye misumari.

"Mama," alisema, "kule kwenu nafasi ya kuweka ubao ipo?"

"Ubao wa namna gani?"

"Wa mninga. Mzito. Beseni niachie nichoree."

Yule mama alimtazama, akanitazama mimi, akacheka huku machozi yanamtoka. "Wabeja, baba," alimshukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana."

Misumari ya kwetu iling'olewa alasiri ileile. Kishimo tulikiacha, na hata sasa chapati zangu nazikandia humo. Ubao ulichukua siku kumi. Fundi aliuchonga kwa patasi, akaupa kibonyeo chake, akabandika mpira chini ya kishimo na chini ya ubao wenyewe, na misumari akaifanya ya kuchomoa. Mume wangu aliupeleka mwenyewe. Alipomaliza kazi Geita alipanda basi la Chato, ubao na beseni mapajani, akagoma kuviweka kwenye buti.

Jumapili iliyofuata nilipiga simu kuuliza kama unafaa. Nyuma nilisikia mafuta yanalia na watoto wanagombania kitu.

"Mwalimu, siwezi kuongea sana," mama alisema. "Nina unga mpaka kwenye kiwiko."

"Sasa simu umeishikaje, mama?"

"Ameishika mkwe wangu. Leo kazi yake ni hiyo tu."