Uwanja Nilioumwagia Saruji

Shule niliacha darasa la nne, na sioni aibu kuliandika hilo. Nilikwenda Nanganga kupakia magunia kwenye malori, na leo hii waliosoma mpaka wakamaliza sekondari ya Chidya wananitangulia kwa shikamoo. Mikorosho yangu, ukianza kuipulizia salfa alfajiri, jua linazama na mwisho wake hujauona. Nimejenga Newala, ukweni, maana huku mwanamume ndiye anayehamia kwa watu wa mke. Nilifika na baiskeli na panga. Sasa wakwe zangu wakiwa na mgonjwa wa kusafirisha, mlango wanaougonga ni wangu.

Watu huniuliza nimefikaje hapa. Nimefika kwa kujiandaa. Wenzangu wanahangaika kutafuta salfa wakati ukungu umeshaingia kwenye maua, mimi yangu iko ghalani zamani. Msimu haujanikuta mikono mitupu hata mara moja, na nilidhani kila kitu duniani ni msimu.

Kisha mke wangu akapata uvimbe kwenye titi. Tuliteremka Masasi, tukalala kwa dada yangu, kesho yake tukaendelea mpaka hospitali kubwa. Vipimo vilipotoka nikamvuta daktari pembeni.

"Daktari, neno kansa usimtajie."

"Baba, mwenye mwili ni yeye."

"Nitamwambia mwenyewe. Mimi ndiye ninayemjua."

Akakubali, kwa sharti nimwambie siku ileile. Sikumwambia. Akakatwa titi, akapangiwa dripu za dawa, na kila tulipokwenda mimi nilisema tunakwenda kukausha kidonda.

Sasa nieleze jambo lililonitia aibu miaka mingi. Alipofariki mama mkwe ilikuwa masika. Waombolezaji walijaa uwanjani kwangu, mikeka ikazama kwenye tope, maji ya kupikia yakaisha siku ya kwanza, na Newala maji unajua yalivyo adimu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alisimama mbele za watu akasema, "Tajiri wa magunia huyu, wageni anawakalisha kwenye matope kama bata!" Watu walicheka msibani. Nikaapa haitatokea tena.

Basi mke wangu alipoanza dripu, mimi nikaita mafundi. Tukaumwagia uwanja wote saruji, kutoka barazani mpaka kwenye mwembe. Nikachimba tangi la kuvuna maji ya mvua. Nikanunua masufuria matatu makubwa, yale ya kupikia wali wa watu mia. Sikukaa hata dakika moja nikajiuliza najiandaa na nini. Kichwa kilikuwa kinakwenda chenyewe, kama mikono inavyofunga gunia.

Mke wangu alisimama mlangoni, kitambaa kichwani, nywele zimeshatoka zote.

"Saruji yote hii ya nini?"

"Ya kuanikia korosho."

"Korosho tumeanika kwenye maturubai miaka ishirini. Na masufuria?"

"Ya nyumbani."

"Tunakula watu wawili," akasema, akarudi ndani.

Siku ya dripu ya nne ilipofika, gari liko nje, injini inanguruma, yeye amekaa kitandani hajavaa hata viatu. "Siendi," akasema. Zilibaki dripu tatu, na daktari alikuwa ametuonya wote wawili kwamba kuacha katikati ni kuupa ugonjwa nafasi. Nilibembeleza, nikafoka, nikamleta mjomba wake, maana kwa Wamakonde neno la mjomba ni zito kuliko la mume. Mjomba akatoka akitikisa kichwa, akawaambia watu wa nyumbani: "Mpwa wangu anasema amechoka. Mengine muulizeni mkwe wangu, yeye anajua."

Mimi sikujua. Nikapanda gari peke yangu mpaka hospitali, nia yangu nipewe dawa nzito zaidi nikamchomee nyumbani. Daktari hakubishana na mimi. Alinipeleka chumba cha mwisho, kina viti viwili na birika la chai, nikamkuta dada wa ushauri nasaha. Umri wake mtoto wangu kabisa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, mimi siumwi. Mgonjwa yuko Newala."

"Ndiyo, baba. Tangu augue, nyumbani kwenu kumebadilika nini?"

Hapo nikafurahi, maana nimeulizwa ninachokiweza. Nikamtajia saruji, unene wake. Nikamtajia tangi, na masufuria. Nilijisifu kama niko mnadani. Yule binti akawa ananitazama tu, kalamu ameiweka chini.

"Baba, uwanja ule utakaliwa na nani?"

Nikafungua mdomo niseme korosho. Kikatoka kilio. Nililia pale mbele ya mtoto mdogo, mimi niliyebeba magunia na kidonda mgongoni bila kulia. Alinisubiri. Hakuniambia nijikaze kiume, na hilo ndilo ninalomshukuru mpaka leo. Nilipotulia akasema, "Usimpelekee maneno ya kumtia moyo, baba. Mwambie unachoogopa."

Nilifika nyumbani kesho yake mchana. Mke wangu alikuwa barazani, anapepeta mchele wa watu wawili. Nikakaa chini, kwenye saruji yangu.

"Mama watoto, unaumwa kansa. Na mimi naogopa utakufa."

Akaendelea kupepeta. "Kansa niliijua siku ya kwanza. Pale kwenye benchi wanawake tunaambiana. Nilikuwa nakungoja wewe uijue."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, na mume wangu keshanitengenezea matanga? Kwa haraka yako ile, ungeniita na kwenye jeneza nijipime."

Nikacheka huku nalia, naye akacheka, kisha ungo ukamdondoka na yeye akalia, mara ya kwanza tangu akatwe. Tulikaa pale mpaka kivuli cha mwembe kikatufikia, nikamsimulia na kile chumba cha viti viwili na birika la chai.

"Nitakwenda," akasema mwisho. "Lakini masufuria yatoke. Na chumba hicho cha chai tunaingia wote."

Masufuria alichukua shemeji, akayabeba moja moja kichwani, anasema tajiri siku hizi anagawa vyombo kama bibi harusi aliyeachika. Nikamwacha aseme.

Dripu zile tatu alizimaliza, na kila safari tuliingia chumba kile wote wawili. Akili yangu ni ya darasa la nne, lakini nitasema: wanaopanga matibabu ya kansa ya nchi hii, wakikusanya mashine na dawa, waweke na viti viwili vile, tena wavilete huku juu Newala. Dawa ilikuwepo siku zote. Kilichokuwa kinamzuia mke wangu kuifuata nilikichanganya mimi kwa koleo.

Kupona kabisa, daktari anasema tungoje, na kungoja sijakuzoea. Uwanja haukuvunjwa. Mke wangu ameutwaa, anaanika makopa ya muhogo, mwaka huu yamefika mpaka barazani. Jana nilirudi kutoka shamba nikataka kuukatisha uwanja.

"Tajiri," akaita kutoka jikoni, "vua viatu, hapo ni chakula."

Nikavua.