Mpiga picha wa filta nyekundu alivyompoteza dada yangu Gati

Wakuu, mlio wadogo kwangu shikamoo zenu nimezipokea. Kama kuna aliyenizidi umri humu ndani, basi shikamoo.

Niliishia darasa la nne, herufi zikipinda mzinyooshe wenyewe. Maneno lakini ni ya kweli, nilikuwepo, na majina yote ninayakumbuka.

Marehemu mume wangu Marwa alikuwa na studio Tarime mjini. Yeye alipiga, mimi nilisafisha filamu kwenye chumba cha giza. Kwa hiyo habari za mwanga msinifundishe.

Mwaka jana dada yangu Gati wa kule kijijini Nyarero aliugua, daktari akasema akapumzike tu nyumbani. Picha zake zote alizopigwa na Marwa zilishaliwa na mchwa. Akataka moja ya karatasi, nyeusi na nyeupe kama zile, ya kuweka kwenye jeneza lake. Ya simu alikataa, alisema ya simu ni ya kuonyeshana ng'ombe wa mnadani.

Mjukuu wake Robi akamleta Deo, mpiga picha wa Arusha aliyekuwa anapita kwenda Natta kwenye kambi za watalii. Kamera ya filamu kabisa. Moyo wangu ukatulia.

Ulitulia bure.

Deo hakumtazama dada. Alitazama mawingu. Akasimamisha kamera kwenye miguu mitatu, akabandika mbele yake vioo viwili vyeusi, halafu juu yake filta nyekundu.

Nikamwambia, "Mwanangu, nyekundu inatia anga giza, sawa. Lakini dada amevaa blauzi nyekundu. Itatoka nyeupe kama sanda. Na hivyo vioo vinakula mwanga, utamkalisha mpaka lini?"

"Dakika moja tu, bibi. Inaitwa long exposure, kamera inakaa wazi muda mrefu. Mawingu yatatoka kama maziwa yanayomwagika. Hii ni sanaa."

Dada akaniambia kwa Kikurya, "Huyu amekuja kunipiga mimi au mvua?"

Marwa angevitoa vile vioo, angemweka kivulini, tap, kwisha.

Basi dada akaketi kwenye kigoda mbele ya ghala, fimbo yake ameiegemeza kando. Deo akafungua kamera, akaanza kuhesabu sekunde, macho yakiwa kwenye saa yake.

Hata hajafika kumi, Mwita akatokea njiani. Mwita ni mkwe wa dada, amemwoa binti yake Bhoke.

Kwetu mama mkwe hakai kumkodolea mkwe macho. Mwita alipomwona tu akageukia kwenye migomba. Na dada, mgonjwa vile, akainuka akajikokota nyuma ya nyumba, fimbo akaiacha palepale. Heshima haingoji dakika ya mtu wa Arusha.

Nikasema, "Funga kamera, mwenyewe ameondoka."

Deo akaninyamazisha kwa mkono. Akaendelea kuhesabia kigoda.

Alipomaliza nikamwambia arudie, na vioo atoe. Akasema filamu imeisha, nyingine imo kwenye begi, ni ya Natta, na gari linamngoja. "Msijali, ametoka."

Ametoka kweli. Nyuma ya nyumba.

Dada alifariki kabla picha haijafika. Kwenye jeneza tukaweka ile ya kitambulisho, iliyokuzwa mpaka uso ukawa nukta nukta.

Baadaye bahasha ikaja. Anga jeusi, mawingu yamemwagika kama alivyoahidi. Kwenye kigoda kuna moshi mweupe kidogo, ndiyo zile sekunde chache alizokaa dada, mbao za ghala zinaonekana kupitia huo moshi. Nyuma Deo ameandika "Roho ya Nyarero". Nakala nyingine ameiweka kwenye maonyesho mjini, watu wanaisifu.

Roho gani? Yule ni Gati, mama wa watoto saba, alikuwa na pengo la mbele na alicheka kuliko sisi wote. Kilichotoka vizuri ni fimbo yake. Unaona hadi mahali kiganja kilipoilainisha.

Bhoke ameitundika hivyohivyo ukutani. Watoto wakija wanagusa pale kwenye fimbo, hakuna anayegusa moshi.

Nilichojifunza: filta nyekundu na kamera kukaa wazi ni vya mawe na mawingu, hayo hayana wakwe. Mtu mpige haraka, akiwa bado yupo.

Mliomo humu wenye kamera za filamu, njooni mnipinge. Miwani ninayo, nitawasoma mmoja mmoja.